Kiza Kisicho na Mawaidha

Taa zilipowashwa katika ukumbi mdogo wa Mji wa Kale, Mombasa, tulimokusanyika, viti vitupu vilikuwa vingi kuliko vilivyokaliwa, ilhali jioni ilipoanza baadhi ya watu walilazimika kusimama ukutani. Tulikuwa tumetazama The Turin Horse, filamu ya Hungaria ya mwaka 2011 iliyoongozwa na Béla Tarr akishirikiana na Ágnes Hranitzky, na mjadala uliofuata ulikuwa mkali kuliko chochote kilichoonekana katika filamu yenyewe. Kijana mmoja anayesomea usanifu wa majengo alisema hajapata kuona picha iliyomwingia moyoni kama ile. Mzee aliyeketi nyuma yangu, mtu aliyefanya kazi bandarini kwa miaka mingi, akamjibu kwa upole: “Mwanangu, mimi nimetazama watu wawili wakila mbatata kwa saa mbili na nusu. Kama hiyo ndiyo sanaa, basi bibi yako nyumbani ni msanii mkubwa.” Watu walicheka, lakini hakuna aliyebadili msimamo.

Mgawanyiko wa namna hii si wa Mombasa peke yake. Filamu hiyo ilipewa Tuzo Kuu ya Majaji katika tamasha la Berlin mwaka 2011, na tangu hapo imekuwa ikiwagawa watu katika kila ukumbi inamoonyeshwa. Maelezo ya haraka yanayotolewa ni kwamba kuna wanaoelewa na wasioelewa. Nayaona maelezo hayo kuwa mepesi, tena yana kiburi ndani yake. Yule mzee wa bandarini alikuwa ameelewa kila kitu. Aliweza kusimulia mpangilio wa siku zote sita za hadithi bila kuruka hata moja. Kisichoonekana kwa urahisi ni kwamba watazamaji hawa hawabishani juu ya jambo moja. Kila mmoja anajibu swali lake mwenyewe, na maswali hayo, ambayo ni tofauti kabisa, yamefungwa katika fundo moja linaloitwa “nzuri au mbaya”.

Tuanze na kinachoonekana. Filamu inafunguliwa kwa sauti ya msimulizi juu ya skrini nyeusi, ikieleza kisa kinachohusishwa na mwanafalsafa Friedrich Nietzsche, ambaye tarehe 3 Januari 1889, mjini Turin, alimwona mwenye gari akimcharaza farasi wake aliyekataa kutembea, akamkumbatia mnyama huyo shingoni huku akilia, na hakurudiwa tena na akili zake. Msimulizi anamalizia kwa kusema kwamba habari za farasi hazijulikani. Kuanzia hapo tunaingia katika nyumba ya mawe iliyo peke yake penye upepo usiokoma. Anaishi humo mzee ambaye mkono wake wa kulia umepooza, pamoja na binti yake na farasi. Binti anaamka, anachota maji kisimani, anamvika baba yake nguo, anachemsha mbatata mbili. Wanazimenya kwa vidole zingali za moto, wanakula kwa chumvi, wanakaa dirishani, wanalala. Kesho yake ni vivyo hivyo, ila kitu kimoja kimepungua. Farasi anakataa kufanya kazi, kisha anakataa kula. Kisima kinakauka. Wanajaribu kuhama, wanavuka kilima, wanarudi bila neno. Mwishowe taa yenye mafuta tele inakataa kuwaka.

Mtu anaweza kuuliza kama hii kweli ni filamu ya baada ya maangamizi, kwa kuwa hatuoni bomu, tauni wala mji unaoungua. Maangamizi yapo, ila yametokea nyuma ya kilima. Jirani anayekuja kununua pombe anasema mji umekwisha kuharibika wote. Sisi tunaona makombo tu ya msiba huo yanavyoifikia nyumba ya watu waliokuwa na kidogo tangu awali. Utanzu huu una matawi mengi, kuanzia yale ya magari yanayofukuzana jangwani hadi haya ya watu wanaomenya mbatata kimya, na kosa la kwanza la mjadala ni kuyahukumu yote kwa kanuni moja.

Kosa hilo huanzia mlangoni, kwenye bango. Mwaka 2017 ilitoka Marekani filamu iitwayo It Comes at Night, ya mwongozaji Trey Edward Shults, kuhusu familia iliyojifungia msituni baada ya tauni kuufuta ulimwengu waliouzoea. Jina na matangazo yake yaliwafanya watu watarajie zimwi, au angalau kiumbe cha kutisha kitakachobisha hodi usiku. Hakuna kilichokuja isipokuwa hofu ya watu wenyewe na yale wanayotendeana kwa sababu ya hofu hiyo. Wahakiki wengi waliisifu. Watazamaji wa kawaida walioulizwa na CinemaScore, kampuni inayowapa watu karatasi za kura wanapotoka ukumbini katika siku ya kwanza ya maonyesho, waliipa D katika kipimo kinachoanzia A hadi F. Mtu akitazama alama hizo peke yake atadhani mahakimu wawili wamesikiliza kesi moja wakatoa hukumu mbili. Kesi zenyewe zilikuwa mbili. Mhakiki aliulizwa kama filamu imetimiza ilichokusudia. Mnunuzi wa tiketi aliulizwa, kwa hakika, kama amepewa alichoahidiwa. Majibu yote mawili yanaweza kuwa ya kweli kwa wakati mmoja.

Tarakimu zinazozunguka huficha zaidi kuliko zinavyofichua. Chukua watu kumi: watano wakiipa filamu 10 na watano wakiipa 1, wastani ni 5.5, sawasawa na filamu ambayo nusu yao waliipa 5 na nusu nyingine 6 kwa kuwa haikuwagusa hata kidogo. Mizani ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, nayo haipimi ukubwa wa mapenzi. Inahesabu ni asilimia ngapi ya maoni yanayoelekea kusifu, hivyo filamu iliyomfurahisha kila mtu kidogo hupata asilimia 100, na ile iliyowaliza nusu ya watu na kuwachukiza nusu nyingine hubaki na 50. Filamu za kiza huumia sana katika mizani hizi, kwa sababu ni mara chache zinamwacha mtu katikati.

Suala la wakati ndilo lililotuchukua muda mrefu zaidi usiku ule, na ndilo ninaloliona kuwa tajiri kuliko yote. The Turin Horse ina dakika 146, na imepigwa kwa vipande vya picha 30 tu. Yaani kila kipande, kwa wastani, kinadumu karibu dakika tano bila kukatwa, ilhali katika filamu nyingi za biashara jicho hubadilishiwa picha kila baada ya sekunde chache. Waliotoka mapema walisema filamu ni ndefu. Lakini sababu hiyo haiwezi kusimama Mombasa. Huu ni mji ambao wazee wake walikwenda sinema kutazama picha za Kihindi za saa tatu, wakiwa na watoto wachanga na karanga za kutafuna, na walipotoka walizisimulia upya barazani kwa saa nyingine tatu. Urefu haujapata kuwa adui wa mtazamaji wa pwani. Tofauti ni kile kilichoujaza urefu huo. Picha ya Kihindi humpa mtazamaji wimbo, kisha kilio, kisha mapigano, kisha mapumziko ya kununua soda, na kila mara inamhakikishia kwamba steringi yupo na hafi kabla ya wakati wake. Filamu ya Tarr humpa mbatata ileile.

Juu ya hayo ipo mila ya vibanda vya video. Vijana wengi wa Kenya walijifunza kutazama filamu za kigeni kupitia sauti ya msimulizi, kama vile DJ Afro, anayezungumza juu ya picha, akitafsiri, akitia chumvi, akimkebehi adui na kumpa steringi jina la mtaani. Katika utazamaji wa namna hiyo ukimya ni pengo, na pengo hujazwa. Sisemi kwamba mila hiyo ni duni. Kwangu mimi ni sanaa kamili, nayo ina mizizi katika mtambaji wa hadithi ambaye hangojei hadhira isinzie. Lakini mtu aliyelelewa nayo anapoketi mbele ya filamu yenye maneno machache kiasi kile, hukaa akimsubiri msimulizi ambaye hatakuja. Nilimsikia mmoja safu ya mbele akijaribu kuianza kazi hiyo mwenyewe, kwa minong’ono, hadi siku ya tatu ya hadithi alipokata tamaa.

Kwa wale walioipenda, wakati uleule ulifanya kazi nyingine. Mlo wa mbatata unarudiwa, lakini kamera hairudi mahali pamoja: siku moja inamkabili baba, ambaye anaichana mbatata yake kwa pupa na kuungua vidole, siku nyingine inamkabili binti, ambaye anakula polepole na kuacha nusu, na siku nyingine inawatazama wote wawili kwa ubavuni kama watu wasiojuana. Kijana wa usanifu alisema kwamba kufikia siku ya nne alikuwa ameijua nyumba ile kiasi kwamba kisima kilipokauka alishtuka kana kwamba ni bomba la kwao lililokatika. Hapo ndipo ilipo hesabu ya mwongozaji. Hasara haiwezi kumuuma mtu ambaye hakuwahi kukizoea kilichopotea, na mazoea hayapatikani kwa haraka. Gharama ya hesabu hiyo ni kwamba mtazamaji anatakiwa kulipa kwanza, kwa subira, kabla ya kujua atapata nini. Inasimuliwa kwamba wakubwa wa sinema wa Kisovieti walipolalamika kuwa mwanzo wa Stalker, filamu ya mwaka 1979, ni wa polepole mno, mwongozaji wake Andrei Tarkovsky aliwajibu kuwa ungepaswa kuwa wa polepole zaidi, ili walioingia ukumbi usio wao wapate nafasi ya kutoka mapema. Wengi huona jeuri katika jibu hilo. Mimi naliona kuwa na adabu, kwa sababu mfanyabiashara anayekuonyesha kitambaa kilivyo, na kasoro zake, kabla hujatoa pesa, hajakupunja.

Kuhusu kisima, kulitokea jambo ambalo sidhani lingetokea Berlin. Mama mmoja kutoka Kisauni alisema haoni maangamizi yako wapi. Binti anachota maji kwa ndoo, anayabeba dhidi ya upepo, na siku moja anakuta hakuna. Hiyo, alisema, ni habari ya wiki yoyote. Wakazi wa Mombasa hununua maji kwa mitungi ya lita 20 kutoka kwa wasukuma mikokoteni, visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi, na sehemu ya maji ya mji hutoka chemchemi za Mzima, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa. Alama ambayo kwa mtazamaji wa Ulaya inasimama kwa mwisho wa ulimwengu, kwake ilikuwa kazi ya asubuhi. Wengine ukumbini walilichukua hilo kuwa dosari ya filamu, kwamba inawauzia umaskini wao kama falsafa. Yeye mwenyewe hakufika huko. Alisema tu kwamba binti yule alikuwa anakunja mgongo vibaya, na angeumia.

Nilikumbuka Gede, mji uliohamwa karne nyingi zilizopita, kaskazini yetu. James Kirkman, aliyeanza kuyachimbua magofu hayo mwaka 1948, aligundua kuwa kisima karibu na msikiti mkuu kilikuwa kimechimbwa kwenda chini zaidi baadaye, na kushuka kwa maji ni miongoni mwa sababu zinazotajwa za watu kuondoka. Kuna mkono wa mtu fulani ulioongeza kina cha kisima kile, ukapata maji kwa muda, kisha ukaacha. Pwani hii ina magofu yake, na inayajua.

Tena ina ushairi wake wa magofu, na hapa ndipo ninapoona mzizi wa mgawanyiko, angalau kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi akiutazama mji wa Pate ulioporomoka: majumba yaliyong’aa kwa taa yamebaki matupu, popo wananing’inia juu, buibui wametanda, hakuna hisi wala sauti. Kwa kiza, utenzi huo hauzidiwi na filamu yoyote ya Hungaria. Hata hivyo sijapata kusikia mtu wa Mombasa akilalamika kwamba unachosha au unavunja moyo. Sababu ni kwamba mshairi anausemesha moyo wake. Anauuliza kwa nini hauzinduki, anauonyesha magofu kama mtu anavyomshika mtoto mkono na kumpeleka makaburini, na kila jengo lililoanguka lina kazi ya kufanya katika mawaidha hayo. Kiza kinaelekea mahali. Msikilizaji anaondoka na huzuni, lakini pia anaondoka na neno la kujiambia.

Filamu tuliyoitazama haina moyo unaosemeshwa. Zaidi ya hayo, inayaleta mawaidha kisha inayafukuza. Yule jirani aliyekuja kununua pombe anaketi mezani na kuhutubia kwa dakika kadhaa, akieleza jinsi waliotwaa kila kitu walivyokiharibu kila walichogusa, na jinsi watu wema walivyokuja kugundua wamechelewa. Mtazamaji aliyekuwa na njaa ya maana anainuka kitini. Hatimaye, hii hapa. Mwenye nyumba anamsikiliza hadi mwisho, kisha anamwambia kwamba huo ni upuuzi. Mgeni analipa, anachukua chupa yake, anaondoka katika upepo.

Katika mji ambao wengi, Waislamu na Wakristo, wamefundishwa alama za Kiyama tangu utotoni, tendo hilo si dogo. Kiyama tulichofundishwa kina Mwenyewe. Kuna mwito, kuna hesabu, kuna mizani, na hata hofu yake ina utaratibu, kwa kuwa aliyedhulumiwa atapata haki yake. Filamu hii imejengwa juu ya siku sita, idadi ile ile ya siku za uumbaji katika Biblia na katika Kurani, lakini inazihesabu kinyumenyume, nuru ikiwa ya mwisho kuondoka, na hakuna anayeita wala anayehukumu. Mtazamaji mmoja, mwalimu wa madrasa kwa taaluma, alisema kuwa hilo lilimuudhi kuliko mbatata zote: mwisho wa dunia bila Mwenye dunia, alisema, ni uzushi uliopigwa picha vizuri. Mwenzake, mshiriki mwema vilevile wa msikiti uleule, alilitazama jambo hilo upande wa pili. Yeye aliona kwamba hiyo ndiyo picha ya kweli ya watu waliojiondolea kila tegemeo, na kwamba giza la namna hiyo lilimfanya aitamani swala ya alfajiri. Wawili hao walikuwa wameona filamu moja na wanasoma Kitabu kimoja. Walichotofautiana ni kama msanii ana wajibu wa kulitamka neno la mawaidha, au anaruhusiwa kuliacha likosekane ili mtazamaji alitafute mwenyewe.

Huo ni ugomvi wa haki, na hauwezi kumalizwa kwa kusema kwamba mmoja ana elimu ya sinema na mwingine hana. Anayetaka neno litamkwe amesimama katika mapokeo marefu ya pwani hii. Anayekubali ukimya naye hajayaasi mapokeo hayo, kwa kuwa hata fumbo halitegui mtungaji wake. Nikilazimishwa kuchagua, nipo na wa pili, ingawa nakiri kwamba sijui ningekuwa na msimamo gani kama ningekuwa nimetoka zamu ya usiku bandarini kabla ya kuketi kitini.

Inasaidia kuilinganisha na Pumzi, filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009. Hapo pia ulimwengu umekwisha, baada ya vita vya kugombea maji, na watu wanaishi chini ya ardhi wakisafisha jasho na mkojo wao ili wanywe. Mwanamke aitwaye Asha anaotesha mbegu, anatoka nje na mche wake, anaupanda jangwani, anaupa maji aliyonayo na jasho lake, kisha analala juu yake kuutia kivuli. Anakufa, na mti unaota. Nimewahi kuionyesha kwa wanafunzi, nao waligawanyika, lakini mgawanyiko wao ulikuwa mwepesi: wengine walisema ni matumaini, wengine walisema ni kifo tu, na wote walitoka wakizungumza kwa furaha. Mbegu ilifanya kazi ya mawaidha. Ipe hadhira mbegu moja, nayo itavumilia jangwa lote. Tarr hakutoa hata moja. Katika picha ya mwisho baba anajaribu kutafuna mbatata mbichi, kwa kuwa moto haupo, anamwambia binti yake kwamba lazima wale, na binti hagusi.

Tulipokuwa tukitoka, mjadala ukiwa umehamia barabarani na mtu akiwa tayari anatafuta mahali penye kahawa, yule mama wa Kisauni alinigusa bega akaniuliza kama farasi alikufa. Nilimweleza nilichokiona: kwamba mara ya mwisho mzee anamvua hatamu, wanatoka, mlango wa zizi unafungwa, na kamera inabaki ikiutazama mlango kwa muda. “Na ndani mna maji?” akauliza. Sikuwa na jibu. Akatikisa kichwa, akasema filamu ilikuwa mbaya, na kwamba angependa kuambiwa itakapoonyeshwa tena, kwa kuwa ile sehemu ya zizi hakuitazama vizuri.